Sauti Kando ya Picha: Tarehe ya Mafunzo kwa Skrini katika Mitaa ya Eastlands

Mtu wa Nairobi atakaye leo kujua namna ya kuwasilisha ritani za kodi katika tovuti ya iTax, au namna ya kupanga hesabu za duka katika jedwali la kompyuta, au namna ya kumwombea mwanawe nafasi ya chuo kikuu, aghalabu haendi kwanza kwa mwalimu wala kwa karani. Huitoa simu mfukoni, akatafuta video ambayo ndani yake mtu asiyeonekana uso, na ambaye huenda anakaa Umoja, Kayole au Donholm, anakiongoza kishale juu ya skrini ya kompyuta yake huku akieleza kwa sauti kila hatua anayoipiga. Sanaa hii ya kurekodi skrini kwa ajili ya kufundisha huhesabiwa kuwa mtoto wa intaneti, na vijana wanaoianza hudhani kwamba mashaka yanayowapata hayajampata mtu mwingine kabla yao. Walakini mwenye kuitazama kwa makini tarehe ya Eastlands, mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi, ataona kwamba ufundi huu una nasaba ndefu, na kwamba takriban kila funzo analolipata mwanagenzi wa leo kwa taabu lilikwisha kupatikana, likasahauliwa, likapatikana tena, tangu zama ambazo watu wa mitaa hii walianza kufundishwa kwa picha zinazokwenda. Na lililo kubwa katika mafunzo hayo ni hili: picha haifundishi peke yake, afundishaye ni msemaji aliye kando yake, naye hufaulu kwa kadiri anavyojua macho ya mtazamaji yameelekea wapi.

Mitaa hiyo yenyewe ilizaliwa kwa amri ya serikali. Pumwani, iliyopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi rasmi ya Waafrika mjini, ndiyo iliyotangulia. Ikafuatwa na Kariokor, kisha Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, huu wa mwisho ukiwa mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa Kitaliano, nyumba zake za mawe zikipangwa kuuzunguka ukumbi wa mikutano ambao baadaye ulivuma kwa siasa kuliko kwa dansi na maonyesho. Hesabu ya watu ya 1948 iliwakuta Nairobi watu 118,976, na Waafrika waliokuwamo walikuwa wengi wao wanaume wa vibarua, waliotoka nchi zao mbalimbali na lugha zao mbalimbali, wakilala katika vyumba vya kushirikiana, wakaelewana kwa Kiswahili kila mmoja kwa kadiri alivyokijaliwa. Kwa hadhara ya namna hiyo, ambayo kusoma kwake kulikuwa haba na kazi zake nyingi, wakuu wa utawala waliona kwamba sinema ndiyo njia iliyo fupi kuliko zote ya kupeleka maarifa.

Jaribio kubwa la kwanza la sinema ya mafunzo katika Afrika Mashariki halikufanywa Nairobi. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa mtu wa mashamba, na G. C. Latham, aliyewahi kuiongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, waliweka makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, wakaanzisha kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hata ilipofika 1937 walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu 35 hivi, juu ya kilimo, afya na maisha ya kila siku, wakazizungusha kwa lori kutoka nchi moja hadi nyingine, Kenya ikiwamo. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mfanyakazi mmoja anazika mshahara wake ardhini, mwizi anamwona na kuufukua, mwenzake anazipeleka fedha zake posta, na zinasalimika. Hii, kwa kila hali, ni jamaa ya karibu ya video za leo zinazomwonyesha mtu namna ya kufungua akaunti ya akiba katika simu. Kilichobadilika ni karani wa posta, ambaye sasa amekuwa kitufe.

Sauti ya filamu hizo haikuwamo ndani ya ukanda wa picha. Ilirekodiwa katika santuri, ambazo zilipigwa sambamba na picha, kila lugha ikitaka santuri zake. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kwamba filamu ileile iliweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Ubaya wake ni kwamba ukanda ukikatika na kuungwa, vipande vichache vikiwa vimepotea, santuri haikuwa na habari ya msiba huo. Iliendelea na maneno yake, na mtazamaji akasikia habari za jambo ambalo jicho lake lilikuwa limekwisha kuliacha. Kosa hilo halijafa. Mwanagenzi wa leo arekodiye sauti yake baada ya kuirekodi skrini, ili apate utulivu wa kusoma alichokiandika, hujikuta anasema "sasa tunaingiza nenosiri" ilhali kishale kimekwisha kufika ukurasa wa tatu. Na mwanafunzi, asijue aamini sikio au jicho, huifunga video.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha mjini London idara ya sinema ya makoloni, Colonial Film Unit, chini ya William Sellers, ambaye alikuwa afisa wa afya nchini Nigeria na aliyekuwa ameanza huko kuonyesha picha za usafi na maradhi. Sellers na wenziwe walitunga kanuni, wakazieneza katika jarida lao Colonial Cinema, lililoanza 1942: picha ikae muda mrefu kabla ya kubadilishwa, kamera isitangetange, kitu kidogo kisikuzwe kwa ghafula pasipo mtazamaji kuandaliwa, jambo moja limalizwe kabla ya jingine kuanzwa, hila za wapiga filamu wa mijini ziepukwe zote. Msingi wa kanuni hizo ulikuwa dharau, kwa maana zilijengwa juu ya dhana kwamba jicho la Mwafrika ni jicho changa, lisiloweza kufuata yale ambayo Mzungu huyafuata bila ya kufundishwa. Wapo walioipinga dhana hiyo tangu zamani zile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Peter Morton-Williams alikwenda kuwatazama watazamaji wa vijijini Nigeria wenyewe, akaona kwamba kufahamu au kutofahamu kulitegemea zaidi kama jambo linaloonyeshwa linahusiana na maisha wanayoyajua, kuliko ufundi wa kamera. Na watu wa Pumwani na Shauri Moyo, waliowafurahia mabwana wa farasi na bastola wa Marekani wakienda kasi kuliko upepo, wasingeweza kwa insafu kuitwa watu wasioweza kufuata picha.

Lakini tukizivua kanuni hizo ile dharau yake, kinachobaki ni hekima ambayo kila mwenye kurekodi skrini huifikia mwishowe, kwa sababu kila mtu ni mgeni mbele ya kazi asiyoijua. Profesa wa chuo kikuu anayefunguliwa kwa mara ya kwanza programu ya kuhariri sauti naye ana haki ya picha kukaa, ya kishale kutulia, na ya kuambiwa kabla ya kukuzwa kwa kona ya skrini kwamba kona hiyo ndiyo inayokuja. Kosa la Sellers halikuwa kuagiza upole. Lilikuwa kudhani kwamba upole huo ni sadaka kwa taifa fulani, ilhali ni haki ya mwanafunzi yeyote.

Katika zama hizo kuna kisa kimoja ambacho kimesimuliwa sana, alichokitoa John Wilson wa London na ambacho mtaalamu wa mawasiliano Marshall McLuhan alikitia katika kitabu chake cha 1962. Mkaguzi wa afya alipiga filamu fupi, ya mwendo wa polepole, kuonyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani: madimbwi yanakaushwa, makopo matupu yanaokotwa. Filamu ilipokwisha, wanakijiji waliulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba filamu yao ina kuku. Ikawabidi waupitie ukanda wote, picha moja baada ya nyingine, ndipo walipomwona, ameshtuliwa, anaruka katika kona ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi. Wazungu wengi walikisimulia kisa hicho kama ushahidi wa uchanga wa macho ya Mwafrika. Mimi nakisoma kinyume. Aliyeshindwa kumwona kuku katika filamu aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe ndiye mwenye jicho la kutiliwa shaka. Na hao wanakijiji, walioketi kutazama mtu akiokota makopo, waliona kitu pekee kilichokuwa na uhai, thamani na haraka. Lililo jema katika habari yote ile ni kwamba baada ya filamu, watu waliulizwa.

Nairobi na wilaya zake zilizungukiwa na magari ya sinema, hususa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Gari lilikuja na vifaa vyote: jenereta, projekta ya milimita 16, kitambaa cheupe cha kuchorea nuru na kipaza sauti, likangoja giza katika uwanja, watoto wakakaa mbele juu ya udongo na wakubwa wakasimama nyuma. Filamu nyingi ama zilikuwa bubu ama zilisema Kiingereza, kwa hiyo roho ya onyesho lote ilikuwa mfafanuzi, Mwafrika aliyeshika maikrofoni kando ya projekta, akiyageuza maneno kuwa Kiswahili, akitangulia picha kuwaandaa watu, akirudia palipokuwa na minong'ono, akitia mzaha pale usingizi ulipoanza kuwaingia. Huyo alikuwa na neema ambayo mrekodi skrini wa leo ameikosa: aliziona nyuso. Alijua papo hapo kwamba neno fulani halikueleweka, kwa kuwa upande mmoja wa uwanja ulikuwa umenyamaza na upande wa pili ulikuwa unaulizana.

Alikuwa pia na mzigo ambao mrekodi skrini hana budi kuufikiri, nao ni uaminifu. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, kupambana na uasi dhidi ya wakoloni, na baadaye katika Operesheni Anvil ya Aprili 24, 1954, ambapo askari waliizingira Nairobi na kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, mitaa ya Eastlands ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya msiba. Vipaza sauti vya serikali, vilivyozoea kuhimiza sabuni na chanjo, vilitumiwa kuhimiza utii. Mtu aliyesikia amri na mafunzo kutoka katika kinywa kimoja alijifunza kuvitia vyote katika mizani moja. Hata leo mtazamaji wa Eastlands, akiona video inayomwelekeza mahali pa kuingiza nambari yake ya siri, huuliza kwanza anayesema ni nani na anataka nini, na swali hilo ni urithi wa busara.

Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, na shirika la utangazaji likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, vifaa vilikuwa ghali mno kwa nyumba za Makongeni na Bahati, na kazi ya kufundisha kutoka mbali ilibebwa zaidi na redio. Vipindi vya shule havikuachwa vijisemee. Mwalimu wa darasa alitegemewa kuwaandaa wanafunzi kabla ya kipindi na kuwauliza maswali baada yake. Nafasi ya yule mfafanuzi wa uwanjani ilikuwa imehamia darasani, ikiwa na chaki badala ya maikrofoni.

Mfafanuzi alirudi kwa umbo jingine kabisa katika vibanda vya video, vilivyoenea baada ya kanda za VHS kuingia katika miaka ya 1980. Kibanda kilikuwa mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja juu ya kabati lenye kufuli, na ada ya sarafu chache mlangoni. Filamu zilikuwa za Hong Kong, Bombay na Hollywood, na mtazamaji ambaye hakujua Kikanton wala Kihindi alitaka mtu wa kumpitisha. Ndipo walipozuka wasimulizi, ambao mashuhuri kati yao nchini Kenya ni DJ Afro, wanaoifunika sauti ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, wakawapa mashujaa wa kigeni majina ya nyumbani na kuwaonya kana kwamba wanasikia. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Kampala ina kina VJ Jingo. Wenye elimu waliwadharau kwa kuharibu filamu za watu. Haikupita akilini mwao kwamba wasimulizi hawa walikuwa wamehifadhi ujuzi mzima: kujua wakati wa kusema na wakati wa kuiacha picha iseme, kukitaja kila kitu kwa jina linalojulikana, na kutomwacha mtazamaji peke yake katika jambo geni hata kwa dakika moja. Mwanagenzi anayetaka kufundisha hesabu za kompyuta kwa kurekodi skrini atafaidika kuwasikiliza hao kabla ya kununua maikrofoni.

Kompyuta zenyewe zilifika mitaani kupitia vyuo vidogo vya orofani, ambavyo katika miaka ya 1990 vilifundisha kile ambacho kila kijana aliyemaliza kidato cha nne alikiita pakeji: MS-DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3. Wanafunzi wawili walishiriki mashine moja, mwalimu akasimama nyuma ya migongo yao, na kurasa zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zikafifia ndizo zilizokuwa kitabu. Huko ng'ambo, kampuni ya TechSmith ilitoa Camtasia, programu ya kunasa yanayotendeka juu ya skrini pamoja na sauti ya mtendaji. YouTube ikaanzishwa 2005. Na Salman Khan, aliyekuwa akimfundisha binamu yake hesabu kwa simu tangu 2004, akaanza kuyaweka masomo yake katika video. Khan amesimulia kwamba jamaa zake walimwambia wanampenda zaidi katika video kuliko ana kwa ana, kwa sababu huko waliweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila ya haya. Hapo ndipo lilipo jambo jipya kwa hakika: mwanafunzi amepewa mamlaka ya kusimamisha, ambayo hadhirina wa uwanjani hawakuwa nayo.

Kenya iliyapata hayo kwa ukamilifu baada ya mkonga wa intaneti wa SEACOM kuanza kazi Mombasa Julai 2009, ukifuatwa na ule wa TEAMS, na baada ya simu za Android za chini ya Sh 10,000 kuanza kuuzwa mwaka 2011. Serikali nayo ikahamishia huduma zake katika tovuti, eCitizen mwaka 2014 na kodi katika iTax, na saiba, yaani maduka ya intaneti, za Umoja na Buruburu zikajaa watu wenye vitambulisho mkononi. Mhudumu wa saiba, aliyekuwa akieleza jambo lilelile kwa watu wengi kutwa nzima, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona faida ya kulieleza mara moja na kulirekodi.

Na tumtazame sasa mwanagenzi huyo kwa karibu. Anakaa chumba kimoja Kayole, juu yake mabati, nje matatu zinapiga honi na jirani ana mahubiri ya redio; kwa hiyo hungoja usiku wa manane, akafunga dirisha, akatundika blanketi nyuma ya kiti ili kuta zisiirudishe sauti yake, akaanza. Anafahamu kazi yake mno, na hilo ndilo linalomponza: mkono unatangulia ulimi. Anasema "unaenda hapa, unabonyeza hii," wala hataji hapa ni wapi wala hii ni ipi, na mtazamaji anayesikiliza huku macho yake yako kwenye kompyuta ya pili hupotea. Kishale chake hakitulii. Kinazungukazunguka juu ya maneno anayoyasoma, na jicho la mwanafunzi, ambalo kwa maumbile hufuata kinachotikisika, linakifuata hadi mahali pasipo na kitu. Maandishi yanayosomeka vyema katika kompyuta yake yatatazamwa katika simu ya upana wa vidole vinne, kwa bando la kuhesabu, na hayatasomeka. Kisha, anapofika hatua iliyo muhimu, ujumbe wa M-Pesa unachomoza juu ya skrini, umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani, unakaa sekunde tatu na kuondoka. Hakuuona, kwa kuwa akili yake ilikuwa katika fomu. Akimwita rafiki atazame, naye akamuuliza ameona nini, rafiki hujibu kwamba ameona amelipwa. Kuku ameruka tena. Na mara nyingine kuku huyo ni nambari ya kitambulisho au PIN ya kodi ya mtu halisi, iliyoachwa wazi katika fomu ya mfano, na hapo jambo si la kucheka tena.

Dawa za makosa hayo si siri, na hazihitaji vifaa vya gharama. Arifa zote zizimwe; fomu ijazwe kwa taarifa za kubuni; herufi zikuzwe kabla ya kuanza; maneno yaandikwe, yasomwe kwa sauti, kisha yapunguzwe; kila kitufe kitajwe kwa jina, rangi na mahali kilipo; kishale kiondoke pale tu kinapokuwa na safari; na sauti itunzwe kuliko picha, kwa maana watu huvumilia picha yenye ukungu lakini hawavumilii sauti inayokwaruza. Zaidi ya hayo yote, video ionyeshwe kwa mtu mmoja asiyeijua kazi hiyo, na mwenye kuitengeneza akae kimya kando yake, asimsaidie kwa neno, aangalie ni wapi anaposimamisha na wapi anaporudisha nyuma. Kwa njia hiyo tu ndipo anaporudishiwa zile nyuso ambazo mfafanuzi wa gari la sinema alikuwa nazo bure kila usiku.

Uzito wa haya ulidhihirika mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na Eastleigh ikafungiwa watu wasiingie wala kutoka kuanzia Mei. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo kwa redio, televisheni na intaneti, na walimu ambao hawakuwahi kujirekodi walilazimika kuwa wanagenzi kwa pamoja. Wengi walisimama mbele ya simu wakahutubia kama walivyohutubia darasa, wakingoja jibu la wanafunzi ambao hawakuwapo. Waliofaulu walikuwa wale waliokumbuka kwamba upande wa pili kuna mtoto mmoja, mwenye simu ya mzazi, ambayo itatakiwa baada ya nusu saa.

Majina ya Notcutt, Latham na Sellers yameandikwa vitabuni. Wale Waafrika walioshika maikrofoni viwanjani, ambao bila yao filamu zile zingekuwa vivuli vya kuchekesha tu, wengi wao hawakuandikwa popote, wala maneno yao hayakuhifadhiwa. Mrekodi skrini wa leo anaweza kujiepusha na dhuluma hiyo kwa sentensi moja mwanzoni mwa video: jina lake, tarehe ya siku hiyo, na toleo la programu au ukurasa anaouonyesha. Sentensi hiyo itamfaa mtazamaji mara moja, kwa kuwa tovuti hubadilishwa sura pasipo taarifa, na video ya mwaka juzi humpeleka mtu kwenye kitufe kilichokwisha kuondolewa. Tena itamfaa mwandishi wa tarehe, ambaye baada ya miaka 80 mingine atataka kujua ni nani aliyewafundisha watu wa Kayole na Umoja kuzitumia ofisi zisizokuwa na mlango.